Gasketi ya Gari la Baba

Kaka yangu alilirudisha gari Jumapili alasiri, akaliegesha mbele ya mlango wetu tairi moja likiwa ndani ya mtaro, akampa mama ufunguo kupitia dirishani, akaondoka. Hakuingia ndani. Hakuuliza kama kuna chai. Mtu wa kwetu akipita nyumbani kwa mama yake bila kunywa chai, ujue kuna jambo analikimbia.

Jambo lenyewe nililiona kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kupakia sufuria nyuma: maharagwe, wali, mboga ya sukuma, na chapati nilizozifunga kwa taulo. Kazi yangu ni kuwapikia wafanyakazi wa viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, na kengele ya chakula ya kiwandani haimsubiri mtu. Niliwasha. Injini ikakohoa, ikashika, kisha ikaanza kuruka kama kinu cha posho kilichomeza jiwe. Nyuma, ekzosi ikatoa moshi mweupe mzito uliotanda barazani mwa jirani mpaka nikasikia mtu akifunga dirisha kwa kishindo. Nikazima. Nikafungua boneti na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rejeta haikuwa na maji hata tone.

Sikuhitaji makanika wa kuniambia. Juu ya injini kuna kichwa, ambacho mafundi wetu hukiita hedi, na kati ya hedi na kiwiliwili cha injini kuna karatasi ngumu ya madini iitwayo gasketi. Kazi yake ni kutenganisha maji, oili na moto. Ikiungua, vitu hivyo vinakutana, na havina undugu.

Nilimpigia kaka simu.

"Gari ilikuwa sawa nikiileta," akasema kabla sijamsalimu.

"Ilichemkia wapi?"

"Nani amekwambia ilichemka?"

"Maji yako ndani ya oili."

"Basi ni wewe umeiwasha vibaya. Mimi nimeiendesha mpaka nyumbani na kurudi, watu wamejaa, haikunisumbua. Gari ya baba haijawahi kuchemka." Akakata simu.

Alikuwa ameliazima kuwapeleka jamaa mazishini kule magharibi. Jioni hiyo shangazi mmoja aliyesafiri nao alimpigia mama, na katika kuongea akataja kwamba wakati wa kurudi waliteremka mara nyingi njiani kuchota maji ya kumwaga kwenye rejeta, na kwamba kaka aliwaonya wasitie neno. Mama alinieleza hayo kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba unga umekwisha. Sijui alitaka nifanye nini. Nilichofanya ni kupiga ukuta ngumi, na ukuta wa nyumba za Mbotela, mtaa wetu, ni wa mawe.

Ni lazima nieleze habari ya gari na spana, maana huko ndiko chuki ilikoanzia. Baba alipokufa alituacha na steshen wagon kuukuu na sanduku la chuma lenye spana zake zote. Wazee wa ukoo walikaa, wakala kuku, wakaamua. Gari nipewe mimi, kwa kuwa ndilo ninalofanyia kazi na ndimi ninayekaa na mama. Spana apewe kaka, kwa kuwa ni mwana wa kiume, na mwana wa kiume hawezi kutoka mikono mitupu. Wazee walirudi kwao wakijisifu. Sisi tulibaki kila mmoja akimwona mwenzake mwizi. Kaka aliamini kwamba nimepewa gari lake. Mimi niliamini kwamba amepewa spana zangu, kwa sababu tangu utotoni niliyekuwa nikimshikia baba tochi ni mimi. Yeye alikuwa akicheza mpira.

Gereji sikwenda. Gari la baba nimewahi kulipeleka gereji mara moja kwa ajili ya breki, likarudi breki zikiwa nzuri na taa zikiwa si zile lililokwenda nazo. Nikaamua kulifungua mwenyewe, hapohapo mlangoni. Nilitazama video kwenye simu mpaka mama akalalamika kwamba nyumba inanguruma. Gasketi mpya niliipata. Spana ndizo zilikuwa mtaa wa Huruma, chini ya kitanda cha kaka.

Mama ndiye aliyempigia. Akamwambia maneno machache tu: "Leta vyuma vya baba yako." Jumamosi akaja.

Alikuja na sanduku begani, akaliweka kando ya gari, akalikalia.

"Niachie tu sanduku," nikamwambia. "Utalipata jioni."

"Spana za baba hazibaki hapa."

"Basi nuna huku mikono ikifanya kazi."

Alikaa juu ya sanduku lile kama polisi juu ya ushahidi, na kila nilipotaka spana ilibidi nimwombe. Nikisema kumi na mbili ananipa kumi na nne. Nikiirudisha anaitazama, anaipangusa kwa kitambaa pande zote mbili kana kwamba mkono wangu una ukoma, kisha ananipa nyingine, nayo si kumi na mbili. Simu niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaiegemeza kwenye kioo cha mbele, video ikicheza. Akaiangalia, akatema mate.

"Unafundishwa injini na simu?"

"Simu haijaniharibia gari."

Tulifanya kazi hivyo. Nilimwaga oili ndani ya karai, ikatoka nzito, nyeupenyeupe, na harufu yake ikanichefua. Nikachomoa mipira ya maji, nyaya za plagi, kichujio cha hewa. Mkanda wa taimingi niliutia alama kwa rangi nyekundu ya kucha ili nijue utakavyorudi. Kaka alicheka puani alipoona kichupa kile. Kisha nikaingia chini ya gari kulegeza bomba la ekzosi, ambalo bolti zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni mwanamke anayeuza makaa. Mahali lilipoegeshwa gari ndipo anapoanikia makaa yake mvua ikishaacha, na tangu Jumatatu alikuwa akipita akisonya. Nikiwa chini, nikiwa nimelala chali, niliona viatu vyake vya plastiki vikikaribia, vikasimama. Halafu beseni zima la maji ya vyombo likamwagwa. Yalikuja na sabuni, na punje za wali, na mabaki ya sukuma, yakanipita mgongoni na kuingia ndani ya blauzi.

"Mama wa makaa! Kuna mtu huku chini!"

"Mtu?" akasema jirani. "Mimi naona gari tu. Na hapa si gereji."

Nikasikia kicheko. Kilikuwa cha kaka. Tangu tumzike baba sikuwa nimekisikia, na nilipokisikia nilitamani ningekuwa na spana ya maana mkononi. Nilibana meno nikaendelea. Bolti ya mwisho ililegea nikiwa nimelala ndani ya tope la sabuni, na sikumpa yeyote kati yao raha ya kuniona nikitoka pale kabla haijalegea.

Bolti za hedi ni habari nyingine. Zimekazwa ili zisitoke. Nilichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana nikavuta kwa uzito wangu wote, nikaning'inia, bolti ya kwanza haikusogea. Kaka alinitazama mpaka aliposhiba. Ndipo akainuka, akaja upande wangu bila kusema, akashika bomba juu ya mikono yangu. Tukavuta pamoja, bega kwa bega. Jasho lake lilinukia kama la baba, na hilo nalo lilinikera. Bolti ikalia kama mbuzi, ikaachia. Tukaenda kwa iliyofuata. Zilipokwisha zote tuliinua hedi, huku na huku, tukailaza juu ya gunia.

Ndipo tukaiona gasketi. Ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili za katikati, mahali pembamba, pakawa peusi kabisa. Hilo nililitarajia. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Pembeni gasketi ilikuwa na mpasuko wa zamani, na mpasuko ule ulikuwa umezibwa kwa gundi nyekundu iliyokauka, ile ambayo watu hupaka kwenye bomba za maji. Chini yake kulikuwa na vipande vya gasketi nyingine ya zamani zaidi ambavyo havikukwanguliwa. Mtu alikuwa ameweka mpya juu ya uchafu, ikachanika, akaibandika, akafunika.

"Hiyo ni kazi ya makanika wako," kaka akasema.

"Sina makanika. Hedi hii haijafunguliwa tangu baba afe."

"Baba hawezi kufanya kazi chafu hivi."

"Basi jini liliingia likapaka gundi."

Akasimama. Mkononi alikuwa na spana kubwa kuliko zote, na sauti yake ikapanda mpaka watoto waliokuwa wakicheza wakanyamaza. "Unamtukana baba? Baba yuko kaburini na wewe unamtukana? Ile siku wazee walikupa gari walikosea. Walimpa mtu wa kumchafulia jina!"

Mama alikuwa mlangoni akichagua maharagwe ndani ya ungo. Hakuinua kichwa.

"Ni yeye," akasema.

Tukageuka sote.

"Ni baba yenu. Aliifungua hapahapa. Hiyo karatasi ilichanika akiiweka, akapaka gundi. Nikamwambia atafute nyingine. Akaniambia nirudi jikoni." Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Baba yenu alikuwa dereva mzuri. Ufundi hakuwa nao."

Kaka akabaki na spana yake hewani. "Mama, mbona hukusema?"

"Mliniuliza? Tangu azikwe mnakuja hapa kunipigia kelele za spana, kelele za gari. Hakuna aliyewahi kuniuliza yule mtu alikuwa nani. Na hata mngeniuliza..." Akainuka, akapangusa sketi, akaingia ndani na ungo wake.

Ningependa kusema nilifurahi. Ndugu yangu alikuwa ameumbuliwa mchana kweupe, mbele ya jirani. Lakini mimi pia nilihisi kama nimevuliwa nguo. Kila nilichokijua kuhusu injini nilikuwa nikijiambia kwamba ni baba aliyenifundisha. Nilijigamba nacho. Niliwaambia hivyo hata wateja wangu, kwamba baba alikuwa fundi wa mafundi. Sasa nilikuwa nimesimama na sukuma ya jirani shingoni, nikitazama ufundi wenyewe, na nilimchukia mama kwa kusema, nikamchukia baba kwa gundi, na kaka nikamchukia kwa mazoea.

Yeye alifunga sanduku, akalibeba, akafika kwenye kona ya nyumba. Halafu akarudi.

"Hedi inapelekwa wapi?"

"Baba Dogo. Kuna mtu wa mashine."

"Nitaibeba mimi. Nataka nisikie kutoka kwa mtu anayejua. Si kutoka kwako, wala kutoka kwa mama."

Tulikwenda kila mmoja kwenye bodaboda yake, yeye akiwa amefunga sanduku nyuma na kuipakata hedi mapajani kama mtoto mgonjwa. Mtu wa mashine ni mzee aliyezoea kusikia uongo. Aliilaza hedi mezani, akaweka rula ya chuma juu yake, akawasha tochi upande wa pili. Mwanga ukapenya chini ya rula, mstari mwembamba, mweupe, unaoonekana hata na mtu asiyejua kitu.

"Imepinda kitambo," akasema. "Aliyeifungua mara ya kwanza hakuinyoosha. Halafu juzi imechemshwa tena vibaya sana. Nani alikuwa anaendesha?"

Nikamnyooshea kaka kidole.

"Fanya kazi yako, mzee," kaka akasema. "Wewe si polisi."

Mzee akacheka, akaichukua. Huko nje tulisimama ukutani tukisubiri mashine imalize kuisaga, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule, mpaka ikatoka ikimetameta kama sahani. Kisha kila mtu na njia yake. Alikwenda na sanduku lake, mimi nikaenda na hedi.

Alirudi na sanduku Jumamosi iliyofuata. Nadhani mama alimpigia tena, sikuuliza. Wiki nzima nilikuwa nimekwangua uso wa injini kwa wembe na msasa, nikiondoa gundi ya baba. Kuna iliyoingia kwenye vijitundu ikabidi niitoe kwa sindano ya kushonea. Kaka alinikuta bado nakwangua, akanisimamia kichwani.

"Inatosha hiyo."

"Haitoshi."

"Unataka iwe kioo?"

"Nataka isirudi."

Tuliweka gasketi mpya, kavu, bila gundi. Tukashusha hedi taratibu, nikaingiza bolti kwa vidole. Sasa ikabaki kukaza, na kwa hilo kuna spana maalumu inayopima mkazo. Ukifika kipimo inalia *tik*. Baba alikuwa nayo. Nilipoitafuta sandukuni niliiona ndani ya mfuko wake, mpya, haijawahi kuguswa na mafuta. Kaka akaiwahi.

"Hii nitashika mimi," akasema, akaichomeka kwenye bolti ya mwisho kabisa, pembeni.

"Anzia katikati. Ukianzia pembeni itapinda tena."

"Baba alianzia pembeni."

"Ndiyo maana tuko hapa."

Alinisukuma. Si kwa nguvu ya kuumiza, lakini gari lilikuwa nyuma yangu na kiuno changu kikagonga ukingo wake. Nikamshika ukosi wa shati, ukachanika, vifungo vikaruka ndani ya injini, na kwa muda hatukuwa watu wazima wenye watoto wanaosoma. Alinivuta kilemba. Nilimpiga kifuani kwa ngumi iliyojaa grisi. Mama alisimama mlangoni, akatutazama, akarudi ndani. Jirani wa makaa alitoka na mikono yake imekunjwa kifuani.

"Uaneni basi," akasema. "Mahali pawe wazi."

Sijui ni nini katika maneno yale. Hayakuwa na utani hata kidogo. Yule mama alimaanisha. Kaka aliniachia. Alihema, akaniangalia, akainama akaiweka spana chini, kwenye udongo, badala ya kunipa mkononi. Niliiokota, nikaipangusa. Kwanza nikavitafuta vifungo vyake, kila kimoja, kwa sababu kifungo kilichoanguka kwenye mkanda kinaweza kula injini. Nikaviweka juu ya betri. Halafu nikaanza kukaza, katikati kwenda nje, kidogo kidogo, nikizunguka tena na tena. *Tik.* *Tik.* Yeye alinipa mgongo muda wote, lakini niliona kila mlio ukimgusa mabega.

Tulirudisha mkanda kwenye alama za rangi ya kucha, tukaunganisha mipira, tukajaza maji na oili mpya. Nikawasha. Injini ilizunguka bila kushika, na kaka akafungua mdomo kusema neno, ikashika. Moshi mweupe ulitoka ekzosini ukampelekea jirani salamu yake, kisha ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Iliunguruma sawasawa. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nitaijaribu," kaka akasema, akinyoosha mkono kwa ufunguo.

"Nitaendesha mimi. Ukitaka kuona, panda."

Akapanda kushoto, sanduku mapajani, shati wazi. Tulishika barabara ya Jogoo, tukaingia ile ya Outer Ring, macho yetu wote yakiwa kwenye sindano ya joto. Ilipanda mpaka katikati, ikasimama hapo. Kwenye foleni haikusogea. Penye mwinuko haikusogea. Alikuwa akiisubiri ipande. Niliona hivyo kwenye taya lake. Nami nilikuwa nikiisubiri ikae, ili nimwonyeshe.

Nilipindia upande wa Huruma nikasimama karibu na magorofa ya kwao. Hakushuka mara moja.

"Mwezi ujao tuna sherehe nyumbani," akasema akitazama mbele. "Nitaihitaji."

"Hutaipata."

"Ni gari ya baba."

"Ilikuwa gari ya baba. Baba aliiharibu, ukaiharibu, nimeitengeneza. Sasa ni yangu."

Alishuka, akalitoa sanduku, akaufunga mlango kwa nguvu kiasi kwamba kioo kiliachia na kuzama ndani ya mlango. Alikisikia. Hakugeuka. Alikwenda kati ya watu na kamba za nguo na sanduku begani, shati likipepea, mpaka nikawa simwoni.

Niliendesha kurudi, vumbi na moshi wa barabara vikiingia kupitia upande wake. Mama alikuwa ameketi palepale mlangoni. Maharagwe yalikuwa yameshawekwa jikoni.

"Umemwacha wapi?"

"Kwake."

"Amesema nini?"

"Amefunga mlango."

Mama alitikisa kichwa polepole. Kisha akaniambia nilisogeze gari mbele kidogo, kwa sababu jirani alikuwa amekuja tena kuuliza mahali pa makaa yake.